Namna ya kutunga katuni ya vita ambayo muuaji wake hatajwi

Vita humpa mtunzi wa hadithi za mauaji tatizo lisilokuwepo kwenye mji wenye polisi. Kila mtu ana bunduki, kila mtu ameruhusiwa kuua, na maiti moja zaidi asubuhi haimshtui mtu. Mpelelezi atoke wapi? Shahidi atamweleza nani? Wengi wakifika hapo huacha vita wakahamia kwenye hadithi ya kawaida ya uhalifu iliyovishwa sare za jeshi, na matokeo yake ni kitabu kisicho cha vita wala cha uhalifu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuchora kitabu kifupi cha katuni, kurasa 32, chenye vita, mapenzi, msiba na mauaji ambayo hakuna aliyehukumiwa kwayo. Nitatumia mfano mmoja toka mwanzo mpaka mwisho: Vita Kuu ya Kwanza hapa Afrika Mashariki, upande wa jeshi la Wajerumani, mwaka 1917. Wahusika ni wa kubuni, lakini mahali, tarehe na bunduki ni za kweli.

Hatua ya 1: Chagua juma, usichague vita

Vita hii ilidumu zaidi ya miaka minne. Ilianza Agosti 1914, Waingereza wakapigwa Tanga mwezi Novemba mwaka huohuo, meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ikazamishwa mtoni Rufiji Julai 1915, Dar es Salaam na Tabora zikatekwa Septemba 1916, na Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, akasalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ukitaka kuingiza yote hayo kwenye kurasa 32 utapata ramani yenye mishale, na mishale haimlizi mtu.

Tafuta juma moja ambalo historia yenyewe inakusaidia kuficha mauaji. Mimi ningechukua Mahiwa. Tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, kwenye bonde la Lukuledi, nyuma ya Lindi, majeshi mawili yalipambana siku nne kwa karibu sana. Upande wa Waingereza walikuwemo askari kutoka Nigeria, na waliouawa na kujeruhiwa upande huo walipita 2,000. Wajerumani waliondoka na ushindi, lakini walipoteza watu wasioweza kuwapata tena. Mwezi mmoja baadaye Lettow aliwaacha nyuma wagonjwa, majeruhi na mamia ya wengine, akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji akiwa na askari wapatao 1,700.

Hebu tazama jinsi hilo linavyomfaa mtunzi. Mtu akiuawa na mwenzake usiku wa tarehe 16 Oktoba, mlio wa risasi hautasikika kama kitu cha ajabu. Na kabla ya wiki sita kupita, kila aliyekuwa karibu na maiti atakuwa ametawanyika: mmoja ametekwa, mmoja kaachwa hospitali ya porini, mmoja kavuka mto. Hakuna haja ya kubuni hila za kuchelewesha ukweli, kwa kuwa jeshi lenyewe limeshautawanya.

Hatua ya 2: Mjue muuaji, umwandike, umfungie

Hili ndilo jambo ambalo watunzi wengi wachanga hulikataa. Wanadhani kwa kuwa mauaji hayatatuliwi, hata wao hawana haja ya kujua. Matokeo ni dalili zinazopingana ovyo, na msomaji huhisi mara moja kwamba nyuma ya pazia hakuna kitu. Kutojua kwa wahusika ni jambo la hadithi, ila mtunzi asipojua, huo ni uvivu.

Chukua karatasi moja uandike nani aliua, kwa nini, alisimama wapi, alishika bunduki gani, alikwenda wapi baadaye. Ya mfano wetu ingekuwa hivi:

Ombasha Feruzi alimwona Shaushi Mabruki akiuza kwinini ya kampuni, yaani kikosi chao cha jeshi, kwa mfanyabiashara wa kijijini. Kwinini wakati huo ilikuwa uhai; Wajerumani waliitengeneza wenyewe kwenye kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara kabla hawajafukuzwa kule, na baadaye wakabaki na akiba ndogo na maji machungu ya magome ya mti wake. Mabruki anampiga Feruzi risasi moja usiku, nyuma ya kambi, kwa bunduki ya Kiingereza iliyotekwa. Mpagazi mmoja aliyelala chini ya mzigo wake anaona miguu miwili ikipita, mmoja ukichechemea. Tatu, mke wa Feruzi, haoni chochote.

Karatasi hiyo usimwonyeshe mtu. Kila fremu utakayochora baadaye ipime nayo: je, inapingana na nilichoandika? Kama inapingana, fremu ndiyo inayobadilika.

Kuhusu vyeo: jeshi la Kijerumani lilirithi vyeo vya askari kutoka kwa Wasudani waliotoka Misri, ndiyo maana tuna ombasha, shaushi, betshaushi, soli na efendi. Usiwaite koplo na sajini. Msomaji mmoja tu anayejua atakikunja kitabu hapohapo.

Hatua ya 3: Tafuta kitu kimoja kinachoshikika mkononi

Hadithi ya mauaji katika picha husimama juu ya kitu, kwa sababu kitu huchoreka. Nia na wivu havichoreki vizuri. Ganda la risasi huchoreka.

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Vita ilipoanza, kampuni nyingi za askari wa Kijerumani zilikuwa na Mauser za zamani, muundo wa 1871, zinazopiga risasi moja moja nene ya milimita 11 kwa baruti nyeusi, na kila mpigaji hutoa wingu la moshi mweupe linalomfichua alipo. Waingereza na KEYA, jeshi lao la askari wa Kiafrika, walikuwa na bunduki za .303 zisizotoa moshi. Kwa hiyo mwaka 1914 ganda lingekwambia karibu kila kitu. Ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kwenye kitako. La Mauser mpya ya milimita 7.92 halina, lina mfuo tu. Hata msomaji asiyejua bunduki ataweza kuyatofautisha ukiyachora makubwa, moja ukurasa wa 6 na jingine ukurasa wa 12.

Lakini huu ni 1917. Tanga peke yake Wajerumani waliteka mamia ya bunduki na risasi zaidi ya nusu milioni. Kufika Abercorn mwaka uliofuata, bunduki zaidi ya 1,000 walizosalimisha zilikuwa za Kiingereza na Kireno. Kwa hiyo ganda la .303 likikutwa kando ya maiti ya Feruzi, Mzungu wa kampuni atasema haraka: adui alipenya usiku. Anataka kuamini hivyo, ana kazi nyingine. Na msomaji mwangalifu atakumbuka kuwa ukurasa wa 6 nusu ya kikosi ilikuwa imebeba bunduki za aina hiyohiyo.

Sasa ongeza tabaka la pili. Bunduki hizi haziachi ganda chini zenyewe. Ganda hutoka pale mpigaji anapovuta komeo kuingiza risasi nyingine. Aliyepiga mara moja na kukimbia huondoka na ganda likiwa ndani ya bunduki. Sasa ganda la kando ya Feruzi limefikaje chini? Ama aliyepiga ni askari mzoefu ambaye mkono wake huvuta komeo bila kufikiri, ama limewekwa pale makusudi. Usiieleze hoja hii kwa maneno. Ukurasa wa 3, kwenye mazoezi, chora fremu tatu ndogo za mkono ukipiga, ukivuta, ganda likiruka. Basi. Atakayeunganisha ataunganisha, na atajisikia mwerevu, jambo ambalo ni zawadi kubwa kuliko kuambiwa.

Kitu kimoja kinatosha. Ukiongeza barua iliyochanika, kitufe cha koti na alama ya damu, umerudi kwenye hadithi ya polisi.

Hatua ya 4: Yape mapenzi kazi za kufanya

Askari wa Kijerumani walisafiri na wake zao na watoto. Wanawake walipika, walifua, walibeba vyombo na virago vya nyumba, walijifungua njiani. Huu ni utajiri ambao katuni za vita zenye mahandaki ya matope hazina: mapenzi yamo ndani ya msafara wenyewe, hayakuachwa nyumbani yakisubiri barua.

Kwa hiyo usichore wapenzi wakitazamana jua likizama. Chora Tatu akimtoa Feruzi mwiba mguuni. Chora Feruzi akibadilishana zamu ya ulinzi ili awe upande wa kambi ambako moto wa mkewe unaonekana. Chora wakigombana kuhusu sufuria. Ni nzito, yeye anataka waiache, Tatu hataki. Mazungumzo yawe ya watu waliozoeana:

"Baba Asha, umekula?"

"Nitakula nikirudi."

"Chakula kitapoa."

Hayo ni maneno yao ya mwisho. Hawajui, na wewe usiwafanye wajue. Epuka ile fremu ya mke kushika mkono wa mume akihisi jambo baya linakuja. Msomaji ameshaona jalada, anajua ni kitabu cha vita.

Sufuria hiyo iliyogombaniwa Tatu ataibeba hadi ukurasa wa mwisho. Hakuna atakayeitaja tena. Wewe endelea kuichora tu, na uangalie isisahaulike kwenye fremu hata moja anayotembea.

Kisha likaze fundo. Mjane ndani ya msafara unaokimbizwa anahitaji mtu wa kumpatia posho na kumkinga. Anayejitokeza ni Mabruki, na anajitokeza kwa heshima, kwa upole hata: "Mama Asha, usilale na njaa. Marehemu alikuwa ndugu yangu." Je, anasema hivyo kwa majuto, kwa hila, au kwa sababu alimtaka toka zamani? Kwenye karatasi yako ya siri jibu lipo. Kwenye kitabu, mchore akiwa mwema kweli. Muuaji anayekunja uso kila fremu hana faida kwako.

Hapa nisipite bila kusema: usiwafanye askari malaika pia. Majeshi yote mawili yalinyang'anya chakula vijijini, yakakamata watu kwa nguvu kubeba mizigo, na njaa ikafuata nyuma yao. Ugogo njaa ya miaka hiyo ina jina lake, Mtunya, na wazee waliipokezana kwa masimulizi. Fremu moja ya Feruzi mwenyewe, mume mwema, akitoa mbuzi kwenye boma la mtu huku mwenye boma akitazama, itakifanya kitabu kizima kuwa kikweli zaidi.

Hatua ya 5: Shahidi awe mtu asiyeulizwa

Vita hii ilibebwa vichwani. Ndorobo waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, mvua zilizamisha magari, hivyo chakula na risasi zilikwenda kwa miguu ya wapagazi, mzigo wa kilo 25 hivi kila mmoja. Waliokufa, wengi kwa kuhara damu, malaria na nimonia, ni makumi ya maelfu, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia ndugu zao. Jina la Kariakoo ya Dar es Salaam, na la Kariokor ya Nairobi, limetokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza.

Mpagazi wetu aliona miguu. Kwa nini hasemi? Kwa sababu hakuna anayemwuliza. Huo ndio ukweli wa kikatili wa kitabu chote, nao hauhitaji hotuba. Mpe fremu tatu akiwa karibu na Tatu, mdomo wazi nusu, kabla hajaitwa abebe mzigo. Baadaye anatekwa, na upande wa pili anatwishwa mzigo mwingine. Kinachobadilika ni lugha ya anayepiga kelele.

Mpe jina, hata likitokea mara moja tu. Picha za wakati ule zina desturi ya kutaja maofisa kwa majina na kuwaandika wengine "wapagazi". Usiirudie desturi hiyo kwa kalamu yako.

Hatua ya 6: Kusanya picha, lakini jua zinakudanganya wapi

Picha za mpiga picha Walther Dobbertin, aliyekuwa upande wa Wajerumani, zinapatikana mtandaoni kwa wingi kupitia hifadhi ya nyaraka ya Ujerumani. Zitakupa mikanda, viatu, bunduki za rashasha za Maxim, mahema, namna mzigo unavyofungwa. Angalia tarbushi ya askari wa Kijerumani: imevikwa kitambaa cha kaki chenye mkia unaofunika shingo, na mbele ina nembo ya tai.

Tahadhari ni mbili. Kwanza, picha nyingi ni za kupangwa, na nyingi ni za miaka ya mwanzo. Mwaka 1917 sare zilikuwa zimechakaa, watu walivaa walichoteka, viatu vilikuwa vya kubahatisha. Ukichora vifungo vinang'aa Mahiwa umekosea miaka mitatu. Pili, usichukue ile Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ukaifanya kielelezo cha Feruzi. Ile iliwekwa na Waingereza kukumbuka waliopigana upande wao. Ya Nairobi inakufaa kwa jambo jingine: kati ya watu wake watatu yumo mpagazi, na ni mojawapo ya mahali pachache unapoweza kumzunguka umwone mgongo na miguu.

Mandhari nayo itafiti. Lukuledi ni vichaka vizito na mchanga. Hakuna nyika ya twiga. Watu hawaonani kwa hatua ishirini, na hilo linakusaidia kuficha unachotaka kuficha.

Hatua ya 7: Panga kurasa kabla ya kuchora chochote

Kunja karatasi uwe na kijitabu tupu cha kurasa 32, uandike namba. Kurasa witiri huwa kulia, shufwa kushoto. Msomaji anapofungua ukurasa mpya, anachokutana nacho kwanza ni ukurasa shufwa. Basi kila linaloshtua liweke juu kushoto kwenye shufwa, ili asilione kwa jicho la pembeni kabla ya wakati.

Sasa tuuchukue usiku wenyewe, kurasa za 11 na 12, tuutazame kwa karibu.

Ukurasa wa 11 una fremu tano. Ya kwanza: Tatu anafunika sufuria. Ya pili: Feruzi kwa mgongo, anaingia gizani. Ya tatu: mpagazi amelala, jicho moja wazi. Ya nne: miguu miwili, basi, kuanzia goti kushuka. Ya tano ni pana, imechukua chini yote ya ukurasa: anga la usiku juu ya vichaka, hakuna mtu, na juu yake sauti za mapigano ya mbali zimeandikwa PA, PA, PA, kubwa na ndogo, zimetawanyika. Moja kati ya hizo PA ndiyo iliyomuua Feruzi. Iandike nene kidogo kuliko nyingine, uiweke chini zaidi, karibu na vichaka. Anayesoma mara ya kwanza ataipita. Anayerudi ataisimamia.

Geuza. Ukurasa wa 12, fremu moja, mchana, mwili umelala. Hakuna maneno.

Mauaji yenyewe hayakuchorwa. Yametokea pale karatasi ilipokuwa ikigeuzwa, na aliyeigeuza ni msomaji. Hii ndiyo silaha ambayo riwaya haina na sinema haina, kwa hiyo usiiharibu kwa kuongeza fremu ya kivuli kilichoshika bunduki. Kanuni ninayoishika mimi: chora tu kile ambacho kuna mtu ndani ya hadithi alikiona. Aliyeua alijiona, ndiyo, lakini kitabu hiki si chake.

Msiba nao upangie kurasa. Chora msafara kwa pembe ileile mara nne, kurasa za 5, 13, 21 na 30: jiwe lilelile la mbele, mstari uleule wa watu. Ukurasa wa 5 Feruzi ni wa tatu. Ukurasa wa 13 nafasi yake iko wazi na wengine hawajasogea kuiziba. Ukurasa wa 21 Mabruki amesogea. Ukurasa wa 30 mstari umebaki na watu wachache mno. Hii ni kazi ya kunakili, inachosha, lakini huzuni inaingia bila mtu kulia hata mara moja.

Kurasa za 16 na 17 ndizo za katikati, karatasi moja isiyokatika. Hapo weka mto Ruvuma wote, watu wakivuka, na ukingo wa huku wakiwa wamekaa walioachwa. Mpagazi wako yumo kati yao. Msomaji akimtafuta atamwona, mdogo kama punje.

Hatua ya 8: Andika maneno kabla ya kuchora nyuso

Kiswahili kinakula nafasi. "Hawajatuambia" ni neno moja lakini halikatiki vizuri kwenye kiputo chembamba, na wachoraji wengi hugundua hilo baada ya kumaliza uso mzuri ambao sasa kiputo kinaufunika jicho. Kwa hiyo chora mistari ya fremu, andika maneno kwa penseli kwa ukubwa wake halisi, zungushia kiputo, ndipo uweke watu kwenye nafasi iliyobaki. Maneno 20 hivi kwa kiputo yanatosha. Yakizidi, gawanya fremu.

Lugha iwe ya wakati wake bila kuwa makumbusho. Amri zilitolewa kwa Kijerumani, maongezi yalikuwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kilisemwa na Wanyamwezi, Wamanyema, Wasudani, Wayao na wengine wengi waliojifunzia njiani. Wayao, kwa mfano, walikuwemo pande zote mbili za vita. Mtu mmoja aliyeteleza lafudhi anatosha kuonyesha hilo. Usimpe kila mhusika lafudhi yake, utachosha. Misemo ya mjini ya leo iondoe.

Maelezo ya pembeni, yale ya kwenye kisanduku juu ya fremu, yawe tarehe na mahali tu. Ukianza kuandika pale "Tatu hakujua kwamba…", umemwingiza mtu mwenye kujua kila kitu, na msomaji atamdai jina la muuaji. Atakuwa na haki.

Hatua ya 9: Wino

Chora kwenye A4, uchapishe A5. Kupunguza ni asilimia 71. Mistari myembamba sana itapotea, herufi zenye urefu chini ya milimita 4 zitasomeka kwa shida. Kama utatoa nakala kwa mashine ya kawaida ya fotokopi, usitie kivuli kwa penseli wala maji ya wino, kitageuka madoa. Tumia mistari mingi iliyokaribiana. Usiku ujaze weusi mtupu, uache weupe pale tu penye moto. Ukiskani, weka nukta 600 kwa inchi kwa kazi ya nyeusi na nyeupe.

Hatua ya 10: Wajaribishie watu wachache, kisha chapa

Wape watu watano au sita wasiojua hadithi. Usiwaulize kama wameipenda, watakuonea haya. Waulize maswali mawili: nani alimuua Feruzi, na umejuaje?

Wote wakimtaja Mabruki papo hapo, umezidisha; mara nyingi kosa liko kwenye uso wake, mlegeze. Wote wakisema "adui" bila shaka yoyote, dalili zimezama. Rudi ukurasa wa 3 na wa 6 uyakuze maganda. Wakigawanyika, kisha mmoja akachukua kitabu mkononi mwa mwenzake kumwonyesha fremu fulani, acha kama kilivyo. Atakayekusumbua ni yule atakayesema Tatu ndiye aliyeua. Msikilize, akuonyeshe alikoona. Ikiwa fremu zote anazozitaja ni halali, usizibadilishe. Ikiwa ameipata hoja kwenye kosa la kuchora, kama mguu uliosahau kuuchechemeza, rekebisha usiku huohuo.

Swali la mwisho watakalokuuliza ni nani hasa aliyeua. Usijibu, hata kwa ndugu yako.

Kuchapa: karatasi nane za A4, pande zote mbili, zikunjwe katikati na kupigwa pini mbili kwenye mkunjo, na jalada ni karatasi ya tisa, nzito zaidi. Kurasa zinazokaa upande mmoja wa karatasi ni 32 na 1, nyuma yake 2 na 31, karatasi inayofuata 30 na 3, nyuma yake 4 na 29, na kuendelea hivyo. Jumla ya namba mbili zilizo pamoja lazima iwe 33 kila mara. Ukikuta jumla nyingine, simamisha mashine kabla haijaendelea.